Meno ya Binti Yangu

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, tulipanda mlimani kuishi katika kihamba, shamba la ukoo la wazazi wake, juu ya Kwa Sadala. Binti yetu alikuwa na miaka saba, mtoto wa kelele na kicheko. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya watoto wengi tuliowaacha kule chini. Tuliambiwa ni maji ya kisima. Kule hakuna aliyejali. Huku mlimani, watoto waliokua na maji ya mfereji wa msituni walikuwa na meno meupe pe.

Wiki ya kwanza ya shule alirudi amefunika mdomo kwa kiganja.

"Wananiita Kutu," alisema.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilimsugua meno kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikatoa damu. Akalia, nami nikalia. Nikiwa nachuma kahawa, nilishtukia nimeacha kikapu chini ya mti, niko kwenye ua wa mimea ya masale kando ya shule, nachungulia. Wenzake wanaruka kamba, yeye amesimama peke yake kwenye ukuta wa jiko, anachorachora vumbi kwa kidole cha mguu. Siku moja ya soko niliwaachia wenzangu ndizi zangu kabla hazijaisha, nikapanda mlima mbiombio kwa kuwa moyo ulikataa kukaa. Nilimkuta amejikunyata jikoni kwa bibi yake, kimya. Heri ningemkuta analia.

Nikaenda kwa mwalimu. Mwalimu akawachapa wasichana watatu mbele ya darasa. Kesho yake jina likarefuka: Kutu Mwambia-Mama.

"Mama, usiende tena shule," binti yangu aliniambia jioni ile.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nataka mtu wa kukaa naye."

"Mtu gani?"

"Yule wa nyumba ya juu. Yeye hanicheki. Ila hatuongei."

Sikuwa nimewaza hilo. Muda wote nilikuwa nahangaika na wanaomcheka.

Asubuhi nikapanda hadi nyumba ya juu. Mama mwenye nyumba alikuwa anakamua ng'ombe.

"Jirani, naomba binti yako amwonyeshe wangu mnapokata majani ya ng'ombe. Bado mgeni, njia hazijui."

"Ni hilo tu? Waende wote Jumamosi."

Siku zilizobaki mimi na binti yangu tulicheza mchezo wa ajabu jikoni. Mimi nilikuwa mchokozi. Nilishika kiuno, nikasema, "We Kutu!" Mara ya kwanza alikimbilia nje. Ya pili alinuna. Baadaye akainua kidevu: "Ni maji ya kwetu. Meno hayaumi." Tukarudia mpaka baba yake akauliza kama tumegombana.

Jumamosi walikwenda korongoni. Nilifagia uwanja ule ule mara ngapi sijui, nikitazama njia. Waliporudi na mizigo ya majani kichwani, hawakuwa wakisemezana. Wakaitua. Yule wa nyumba ya juu akamkodolea macho mwenzake.

"Kweli hayaumi?"

"Hayaumi."

"Niguse?"

Binti yangu akanitazama, kisha akafungua mdomo. Mwenzake akagusa jino la mbele kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anagusa yai la kuku. "Gumu kama langu," akasema. Halafu akauliza kama tuna soksi kuukuu, watengeneze mpira wa rede, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Jina halikufa siku ile. Wiki iliyofuata, nikiwa nakata majani ya mgomba kando ya njia, nilisikia msichana mmoja akilipaza kwa nguvu. Miguu ilitaka kuruka nje ya migomba. Binti yangu akajibu kama tulivyofanya jikoni, sauti ikitetemeka kidogo. Mwenzake akamvuta mkono: "Twende zetu, tutachelewa." Wakaenda. Nilibaki nimeshika kisu mpaka sikuwaona tena.

Yule mchokozi aliendelea muhula mzima, na kuna siku binti yangu alirudi amenuna. Lakini kwenye rede hakuna aliyeweza kumpata kwa mpira, na wasichana wengine walianza kuja uwanjani kwetu kujaribu. Ikafika mahali, Jumamosi nikawa sijui nipike ndizi za watu wangapi.