Raia kwa Maana Mbili

Baba yangu alikuwa mwalimu wa historia huko Unguja, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa asili ya ustaarabu wa Ulaya. Tulipofika Maskati mwaka wa sitini na nne tulikuwa watatu, yeye, mamake na mimi. Mama yangu alikwisha kufariki. Vitabu vya Baba vilibaki nyuma, na katika mji ule hapakuwa na skuli hata moja ya kumpokea msichana wa miaka kumi na sita. Kilichosalia ni kumbukumbu yake. Akanifundisha kwa hiyo.

Asubuhi aliandika barua za Kiingereza kwa mfanyabiashara mmoja wa Matrah, bandari ya jirani. Alasiri alirudi, akavua kilemba, akaketi mkekani na kuanza alipoishia jana, kama kwamba darasa zima lilikuwa likimngojea.

"Ulaya ina mizizi mitatu," alisema siku ya kwanza. "Wayunani waliwapa mabishano, Warumi wakawapa sheria, na dini wakaipata kwetu huku Mashariki. Andika."

"Mizizi!" Bibi alidakia huku akipeta mchele. "Mie mizizi nnayoijua ni muhogo, na humu mjini hata huo haupatikani."

Baba alicheka, na alikuwa hacheki mara nyingi siku hizo.

Lengo letu lilikuwa moja. Bahreni, alikokuwa akikaa ami yangu, mtu aliweza kufanya mtihani wa kumaliza skuli bila ya kusoma skuli yoyote ya huko. Mwenye cheti hicho angeweza kuomba chuo. Asiyekuwa nacho angebaki ndani ya ukuta wa Maskati, afunguliwe milango asubuhi na kufungiwa usiku pamoja na mji mzima. Hata hivyo haikutosha kujua masomo. Hakuna aliyetoka nchini bila ruhusa, na ruhusa ya Sultani iliombwa kwa barua.

Nilijifunza kwa pupa ya mtu anayezama. Usiniulize kwa nini msichana wa Kiarabu kutoka Unguja, aliyefukuzwa kwao na asiyejulikana kwa babu zake, ashikilie Athene na Roma kama roho yake. Hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Majirani walituita Zinjibari, wakacheka Kiarabu chetu, na wanawake waliokuja kunywa kahawa walimuuliza Bibi kama mjukuu wake ni mgonjwa, maana wamemkuta tena na daftari.

Siku moja tulifika kwenye neno lililotukwamisha. Baba alikuwa akinieleza habari za mji wa Wayunani, namna wenye mji walivyokusanyika uwanjani na kuamua mambo yao kwa kunyoosha mikono.

"Hao ndio raia," alisema, kisha akasita. "Lakini hili neno letu halitoshi. Raia tumelitoa kwa Waarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa."

"Sasa hapo pana makosa gani?" Bibi aliuliza. "Raia ni wa kuchungwa, mwanangu. Usipochungwa unaliwa."

"Na wanawake, Baba? Walinyoosha mikono?"

"Hawakuhesabiwa. Wala watumwa, wala wageni."

Niliandika na hilo. Babu zetu Unguja walikuwa na watumwa, na sisi sasa tulikuwa wageni. Katika mji ule wa Wayunani ningekosa mahali mara mbili, kwa kuwa mwanamke na kwa kuwa mgeni. Nimeyafikiri hayo zaidi baadaye, chuoni, nilikoingia nikiwa mtu mzima kuliko wenzangu wote. Wakati ule sikutaka kuyafikiri. Nilitaka kisa cha mhubiri wa Kikristo aliyefungwa kamba ili apigwe mijeledi, akasema tu kwamba yeye ni raia wa Roma, na mjeledi ukashushwa. Nilimwomba Baba anisimulie tena na tena. Dini na sheria zilikutana katika sentensi moja, na sentensi ile ilimwokoa mtu.

Ndiyo maana barua ya ruhusa niliiharibu mimi.

Baba alitaka tuandike kama wanavyoandika watu wote, tunaomba huruma, tunabusu mikono. Hati yangu ya Kiarabu ilikuwa nzuri kuliko yake, kwa hiyo kalamu nilikuwa nayo mimi. Nilimwambia kwamba mtu hasomi miaka miwili habari za haki kisha akaandika kama ombaomba. Niliandika kwamba mwombaji ni mwananchi, sikuandika raia, na kwamba kusafiri kwa ajili ya elimu ni haki yake. Baba aliisoma mara mbili. Niliona fahari ya mwalimu ikishindana na hofu ya mzazi, na fahari ikashinda. Akatia saini.

Tuliitwa kwenye ofisi ya ruhusa baada ya wiki tatu. Nilisimama nje ya mlango na buibui langu, nikisikia kila neno.

"Nani aliyeandika hii?" karani aliuliza.

"Binti yangu."

"Nyumbani mna redio?"

"Hatuna."

"Basi hili neno la wachochezi wa redioni, mwananchi, mmelipata wapi?"

Baba, Mungu amrehemu, alijibu kweli. "Katika historia ya Warumi."

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Ya ustadh," karani alisema, "Warumi hawatoi ruhusa hapa. Nenda kaandike upya."

Niliandika upya siku ile ile. Baba alitamka nami nikaandika, mtumishi wenu mnyonge, mtiifu wenu, vumbi la miguu yenu, hata nikahisi mkono si wangu. Kila asubuhi kabla ya kazi alipita ofisini, na kila asubuhi aliambiwa bukra, kesho. Meli ya mwisho ambayo ingenifikisha kwa wakati iliondoka. Nilimwuliza kama ipo nyingine. Akasema hajui, naye alijua.

Siku ya mtihani hakuna aliyeitaja. Bibi alinipa mchele niuchague, nikauchagua. Niliijua saa ambayo wasichana Bahreni walikuwa wakigeuza karatasi zao, na vidole vyangu vikasimama ndani ya ungo.

Baba alirudi kabla ya adhuhuri, saa ambayo si yake. "Nimetoka ofisini," alisema, na kwa kitambo kifupi, cha kijinga, niliamini ameleta ruhusa.

"Nimekwenda kuwaomba wanirudishie ile barua ya kwanza."

"Wamekupa?"

"Wanasema imo ndani ya faili. Na askari wamekwenda nyumbani kwa watu wawili mtaa wa pili, wamechukua karatasi zote walizozikuta."

"Karatasi ni karatasi, mwanangu," Bibi alisema. "Iache."

"Mama, ile ina hati ya mkono wake, na wakija hapa daftari lake limejaa maneno hayo hayo."

Bibi akainuka, akapuliza makaa ya jiko.

Baba aliniomba daftari. Akakaa nalo mkekani, karibu na jiko la makaa, akalifungua mwanzo na kulisoma lote, polepole, kama alivyokuwa akisahihisha kazi za wanafunzi wake Unguja. Alipomaliza ukurasa aliuchana, akanipa, nami nikautia motoni. Wayunani walikwisha, wakafuata Warumi. Katika ukurasa mmoja, karibu na mwisho, aliona kosa la tahajia. Aliomba kalamu, akalisahihisha, akaupuliza wino mpaka ukakauka, kisha akanipa na huo.