Vikombe vilivyobaki hekaluni

Binti yangu anafukua mambo ya kale huko Italia. Juzi alinipigia simu ya video akiwa kwenye hekalu la Warumi wa zamani, akanionyesha vikombe vya udongo vilivyopinduliwa mdomo chini kando ya madhabahu.

"Walimimina divai kwa miungu yao, mama, wakala na nyama hapo hapo."

"Na vikombe wakaviacha."

"Umejuaje?"

Tangu tumzike baba yake migombani nyumbani, kila nikipika mbege, pombe yetu ya ndizi, nampelekea kata moja ya kibuyu. Namimina kaburini, kisha naipindua kata mdomo chini juu ya udongo na kuiacha pale. Mimi ni mzee wa kanisa, na niliogopa mwanangu angeniona mshirikina. Lakini kumdanganya sikuweza.

"Kwa sababu na mimi kata za baba yako sizirudishi nyumbani," nikamwambia, nikaeleza yote.

"Mama, baba hakuwahi kuishia kata moja. Unampa moja tu?"

"Moja tu. Ya pili nakunywa mimi."

Alicheka mpaka wenzake wakaja kuchungulia simu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.