Lugha Isiyo na R

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga, Mkuu wa Shule alinipokea kwa swali: "Mwalimu, hawa watoto utawafundisha programu kwa lugha gani?"

Nikajibu C. Ndiyo niliyosomeshwa chuoni, na kijana aliyetoka chuo juzi hajui kwamba kuna kitu hajui. Lugha ya programu, kwa wasioijua, ni maneno machache ya kuiagiza kompyuta kazi. Ukikosea herufi moja, inagoma.

Ikagoma kweli. Wanafunzi wangu walitoka nyumba zinazozungumza Kimatengo, na R midomoni mwao ilikuwa L. Nikitamka amri ya *return*, wao wanaandika *letuln*. C hupitia programu nzima kwanza, kwa hiyo kosa moja liliwanyima yote. Nikahamia Python, ambayo hutekeleza mstari kwa mstari. Sasa *print*, amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini, ikawa *plint*.

"Basi tafuta lugha isiyo na R," alisema Mkuu.

"Haipo, Mkuu."

Naye alikuwa mzaliwa wa hapa hapa; akiingiwa na wasiwasi, R yake nayo iliteleza. "Mthibiti Ubora anakuja kukagua. Watoto wakishindwa, chumba kile cha kompyuta kinaludi kuwa stoo ya mahindi."

Niliogopa. Somo lenyewe lilikuwa changa, na hao watoto walikuwa wamelipenda.

Mthibiti alifika, mama mmoja mpole kutoka mkoa mwingine. Akawaagiza waandike programu ya kusalimia. Skola, binti kutoka kijiji cha Kitura, akaanza na mstari ambao sikuwahi kuufundisha: *plint = print*, lile *print* akilinakili herufi kwa herufi kutoka daftarini. Python hukuruhusu kuipa amri jina jingine. Wa pili ukawa *plint("Shikamoo")*. Skrini ikaandika Shikamoo.

"Marahaba," Mthibiti akaitikia, kisha akashtuka na kuangua kicheko. "Binti, hii *plint* ndiyo nini?"

"Mashine ilikuwa haijui tunavyosema, mama. Nimeiambia."

Mahindi yakabaki yalipokuwa.

Baadaye nilihamishiwa shule ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na huko ndiko nilikostaafia. Walimu vijana bado hunipigia simu: tuanze na C au Python? Nawaambia waanze na ile inayomwonyesha mtoto kosa lake mstari kwa mstari, na ulimi wake wauache kama ulivyo. Wengine hunibishia, na ni haki yao.

Skola naye sasa anafundisha somo hilo hilo, kule Tingi. Yeye hajawahi kuniuliza.