Goti la Meza ya Nne

Watu wakibishana siku hizi kama bakshishi ni hisani au ni mshahara, mimi hunyamaza. Katika hoteli yetu ya pale ufukweni mwa ziwa, ni mimi niliyemfundisha tajiri kwamba ni mshahara. Majina ya wote tuliokuwa pale ninayo, hata la mbwa wa mlinzi, lakini wengine wana wajukuu mjini hapa, basi nayaacha.

Hoteli ilikuwa ya shirika la umma, ikauzwa, kama vilivyouzwa vingi wakati ule wa soko huria. Tajiri aliyeinunua alitukuta wahudumu watano, wanawake watupu. Akatuacha na mishahara yetu ya zamani, akapaka kuta rangi, akaleta mashine ya aiskrimu. Wageni wake walikuwa wanunuzi wa minofu ya sangara, watu wa kula haraka na kuulizia simu. Mimi nilitoka kijiji cha Usagara, Usukumani, darasa la nne sikulimaliza, lakini sahani sita nilizibeba bila kumwaga mchuzi.

Mmoja wa wanunuzi alikuwa mzee wa Kizungu, mvi tupu. Siku moja alikaa meza ya nne, nikampelekea sato na ugali, na mwili ukafanya ulivyozoea: nikapiga goti, nikamwekea sahani kwa mikono miwili. Kwetu Usukumani mwanamke ndivyo anavyompa chakula mtu mzima. Sikufikiri kitu. Mzee akashtuka, akachungulia chini ya meza akidhani nimeangusha uma. Alipoelewa alicheka mpaka akawa mwekundu, akanitia mkononi noti ya dola kumi.

Kesho yake akaja na wenzake watatu kuniangalia. Nikapiga goti tena. Jana yake nilipigia mvi zake; siku hiyo nilipigia noti, na tofauti niliijua vizuri kabisa.

Wiki ya pili tajiri akatukusanya jikoni.

"Mnamwona mwenzenu? Ana adabu, na adabu yake inamlipa kuliko ninavyomlipa mimi. Kuanzia leo kila mtu anapiga goti. Na mishahara naikata nusu. Nusu nyingine mtapewa na wageni."

"Bosi, na ambaye wageni wake hawatoi?" akauliza mmoja wetu.

"Apige magoti yote mawili."

Mpishi akacheka. Mshahara wake haukuguswa, alikuwa mwanamume wa jikoni.

Wenzangu walinichukia, na walikuwa na haki. Lakini aliyeumia hasa alikuwa mmoja, mwanamke wa mtaa wa Mirongo, aliyenifundisha kazi nilipofika nikiwa sijui hata kisu kinakaa upande gani wa sahani. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu alipoteleza kwenye ngazi za meli ya Bukoba. Halikukunjika. Wageni walishazoea kupigiwa magoti, aliyesimama walimwona mjeuri, na kwenye meza zake hawakuacha kitu. Ile nusu ndiyo ikawa yote aliyopata, na binti yake alikuwa kidato cha tatu, bweni, ada imepanda.

Alinifuata nikifuta vijiko.

"Shoga, bosi anakusikiliza wewe. Mwambie ile ni heshima ya kwenu kwa wazee, siyo kazi. Aturudishie mishahara. Tukienda wawili hawezi kutufukuza wote."

"Nitasema."

"Hebu apa."

Nikaapa, kwa kaburi la mama yangu.

Jumamosi mchana akamsimamisha tajiri mbele ya kaunta, mimi nikiwa nyuma ya mwenzangu huyo na trei ya supu. Akasema yote, kwa upole, na "bosi" kila baada ya maneno matatu. Tajiri akamsikiliza huku akichokonoa meno. Akanigeukia mimi.

"Mama, wageni wanakulipa vibaya?"

Mwenzangu hakugeuka. Niliona shingo yake tu, imekaza, inasubiri.

"Hapana, bosi. Wananilipa vizuri."

"Na kupiga goti kunakuumiza?"

"Hapana, bosi."

"Umesikia?" akamwambia. "Shida siyo mshahara. Shida ni mguu wako. Vua aproni."

Fundo lilikuwa limekaza mgongoni, akashindwa kulifungua. Akanisogezea mgongo nimfungulie. Nikaweka trei kwenye kaunta, nikamfungulia. Nilijiandaa kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo: kwamba na mimi nina watoto, kwamba mguu wake sikuuvunja mimi. Hakunitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo mwanangu arudi nyumbani."

"Mungu atafungua njia," nikamwambia, na mfuko wangu ulikuwa na noti mbili za asubuhi ile.

Akatokea mlango wa jikoni, akishuka ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Mpishi akauliza kama bado anadai chakula chake cha mchana, maana kama hadai atakula yeye.

Tajiri akanipa meza zake papo hapo, zile za dirishani zinazotazama ziwa, zenye wageni bora. Kabla ya mwezi kuisha nikasikia binti amerudi na godoro lake kutoka shuleni. Mishahara haikurudi. Sikuwahi kuidai.