Bibi na Tambi za Chumvi

Fyuuuuup. Halafu kimya kidogo, halafu fyup ya mwisho, fupi, ya ncha ya tambi inapopotelea mdomoni. Sauti hiyo ninayo sikioni mpaka leo. Nikiwa na huzuni naichokoza kichwani, inakuja, nacheka peke yangu hadi watu wa dukani wananiuliza kama niko sawa. Ni sauti ya bibi yangu, mama yake Baba, akila tambi za Kijapani pale mtaa wa Chuno, mjini kwetu kusini, tulipokuwa wadogo.

Wenzangu wa rika langu mnajua, kula nje wakati ule halikuwa jambo la kuamka tu na kuondoka. Kwanza mnasuguliwa kama masufuria. Mnapakwa mafuta ya nazi mpaka visogo vinameta, viatu vya Idi vinatolewa chini ya kitanda, vinabana, mnavaa hivyo hivyo. Kisha Mama anasimama mlangoni na kutoa hotuba yake: "Mkifika huko msiniaibishe. Msifyonze chakula, msiangalie sahani ya mtu, na mkiulizwa kama mmeshiba, mmeshiba." Sisi tulikuwa tunasema tumeshiba hata kabla hatujaulizwa. Watoto wa siku hizi wanaletewa chipsi na bodaboda mpaka mlangoni, wanapokea kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika simu, na bado wana sura ya watu walioonewa.

Ila safari ile ya Chuno ilikuwa na jambo zito ndani yake. Bibi alikuja kwetu Rahaleo kutoka Kitaya, kule karibu na Ruvuma, baada ya babu kufariki, na Baba alitaka abaki nasi moja kwa moja. Sisi watoto tulitaka kuliko Baba. Mimi nililala naye kitanda kimoja, akiniita mke mwenzangu. Naye mdogo wangu Issa, Bibi alimwita mume wangu, kisha anatuuliza wote, "Mume gani huyu, hata kufunga zipu hajui?" Lakini mji ulimkataa. Alisema unga wa dukani hauna harufu, samaki wa sokoni wamelala, na hata kuku wa mjini wanatembea kivivu. Ijumaa moja akafunga furushi lake.

"Nangu Jumapili napanda gari," akasema, nangu ya kwao ikiwa ndiyo mimi. "Huku hakuna ntu anayenihitaji. Nakaa tu kama kinu kilichopasuka."

Baba ni fundi seremala na maneno yake ni machache kama misumari ya mwisho wa kazi. Alikaa, akafikiri, akasema basi Jumamosi twende wote tukale. Alikuwa ameona kibao kipya Chuno: Mgahawa wa Kijapani, Tambi Zipo. Bibi aliposikia neno tambi akageuka. Tambi alizozijua yeye ni zile za kufuturia, zimepikwa kwa tui, sukari na iliki, laini mpaka jino halina kazi.

"Hizo nitakula," akasema. "Ila Mjapani anapika saa ngapi? Si anatengeneza pikipiki?"

Mimi nilishajipangia moyoni: Bibi akishiba vizuri, atabaki. Nikaomba dua njia nzima.

Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki na taa ya karatasi nyekundu. Issa akaingia mbele na kuuliza kwa adabu zote, "Shikamoo dada. Mjapani yuko?"

"Marahaba," akajibu mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni. "Mjapani ndiye mimi."

Alikuwa Dada Rehema, mtu wa Shangani ya hapa hapa mjini kwetu, ambaye aliwapikia familia moja ya Kijapani huko Dar es Salaam mpaka akajua vyakula vyao, akarudi navyo nyumbani. Issa alimzunguka kwa macho akitafuta Ujapani uko upande gani.

Tukaletewa vijiti, viwili viwili. Baba akavikagua kama mteja wa mbao. Issa akaanza kupiga ngoma. Bibi aliinua kimoja kwenye mwanga, akakigeuza. "Kama hiki ndicho kijiti cha meno," akasema, "basi Wajapani wana meno ya kiboko."

Kisha zikaja tambi zenyewe. Bakuli kubwa kama la kunawia, limejaa mchuzi unaofuka mvuke, yai limepasuliwa katikati, vitunguu vya majani, na juu yake mkono wa pweza umejikunja kama unaomba msaada. Tambi zilikuwa chini huko, zimezama.

Bibi akalitazama bakuli. Sisi tukamtazama Bibi. Baba aliacha kutafuna, na wala hakuwa na kitu mdomoni.

"Maskini ntoto wa watu," Bibi akanong'ona. "Ameangusha tambi kwenye supu ya pweza."

Mama akafungua mdomo aeleze, Bibi akamkanyaga mguu chini ya meza. "Nyamaza, mkwe wangu. Usimwaibishe mbele ya wateja. Kuleni kama hamjaona kitu."

Na ili Dada Rehema asishtuke, Bibi akaamua kula kwa furaha ya kusikika. Akaweka vijiti kando, akachukua kijiko, akavuta tambi: fyuuuuup. Watu wa meza ya pili wakageuka. Sisi tukamwangalia Mama, mwenye hotuba yake ya mlangoni. Mama akaangalia dari, maana mama mkwe hakaripiwi. Basi tukapata uhuru. Mimi fyup, Issa fyup, mpaka Baba naye, mtu mzima na ndevu zake, fyup.

Dada Rehema akatoka jikoni mbio, macho yamejaa maji. "Hivyo ndivyo wanavyokula wenyewe," akasema. "Kule ukila kimya kimya mpishi anaumia. Tangu nifungue hakuna aliyekula hivi."

Alipogeuka, Bibi akatuinamia. "Mmeona anavyolia? Anajua alichofanya."

Hapo hakuvumilia tena. Akainuka, akaingia jikoni. Sisi tukabaki tumetega masikio.

"Mwanangu, sukari iko wapi?"

"Sukari ya nini, Bibi?"

"Ya tambi. Usijali, nami niliwahi kuunguza pilau ya harusi, watu wakala, wakasifu."

Dada Rehema alicheka mpaka masufuria yakalia. Halafu tukamsikia anasema kwa sauti nyingine, ya mtu anayeomba kweli, kwamba wateja wengi humuulizia tambi za tui, naye mkono wake wa tui ni mzito, zinamgandia kila mara. Bibi angeweza kuja Jumatatu amwonyeshe?

Njiani kurudi Bibi alitangulia mbele. Karibu na nyumbani akasimama. "Mwanangu," akamwambia Baba, "kesho siendi. Yule nikimwacha hivi atalisha mji mzima tambi za chumvi."

"Sawa, mama," Baba akasema, akaongeza mwendo, akajifuta uso. Alidai ni pilipili. Issa akamuuliza pilipili ipi.

Siku hizi migahawa imejaa, ina vioo na feni za kisasa. Vijana wanapiga picha bakuli mbele, nyuma na ubavuni, mpaka tambi zinavimba, kisha wanakula kimya, masikio yamezibwa. Hakuna anayemkanyaga mwenzake mguu chini ya meza. Dada Rehema alihamia mbali, na Bibi amelazwa Kitaya, ubavuni mwa kaburi la babu. Mimi bado naota kufungua mgahawa wangu, hata wa meza mbili, na nimeshachagua rangi ya viti. Mtaji na jiko vitakuja.

Lakini jioni ile nilikuwa mdogo, na nilijua watu wazima wanaweza kulala na neno moja na kuamka na jingine. Bibi alipokuwa anaswali magharibi, nikachukua ndala zake pale mlangoni, nikaziosha vizuri, nikazisukuma chini ya kitanda chetu, ndani kabisa, upande wa ukutani.