Daktari wa Kuta na Anayegonga Koridoni

Tik, tik, tik. Kifuniko cha sufuria kinatetemeka juu ya jiko la mkaa, na nje bado ni giza. Daktari kijana amesimama katikati ya korido ndefu ya nyumba ya wapangaji, kiganja ukutani, kama anayempima mgonjwa homa.

"Umemsikia?" ananong'ona mshonaji, akichungulia mlangoni kwake.

"Nani, dada?"

"Huyo anayetembea."

Daktari anageuka kutazama mwisho wa korido. Kichwa kimeanza kumgonga.

Mchana binti huyu ni daktari wa wodini. Jioni huingia darasani kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Usingizi anauibia kwenye basi. Wenzake humtania: "Wewe unataka kutibu watu au kuta?" Mama yake naye haachi: "Digrii moja haijakutosha, mwanangu? Utazeeka na mkoba begani." Yeye hucheka tu.

Mshonaji alikutana naye wodini. Aliletwa amelegea, akisema kila alfajiri kuna mtu anamkalia kifuani. Akapewa oksijeni, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Haukupita muda akaletwa tena, safari hii na mumewe. Kisha jirani yao. Wote walisimulia yale yale: kifua kizito, vivuli, mtu anayepita koridoni akihema.

"Wodini nilikuwa nauliza, anaumwa nini? Darasani wakanifundisha kuuliza, kwa nini hawa, na kwa nini pale?" anasema daktari. "Nilikuwa nawatibu, halafu nawarudisha kule kule. Nikaogopa kwamba siku moja hataletwa mgonjwa, italetwa maiti."

Ndipo akaomba kulala kwa mshonaji.

Anachokiona alfajiri hii kinamsisimua mwili. Dirisha pekee la korido limepigiliwa mbao. "Anaingilia hapo," anaeleza mshonaji. Chini yake, jiko limejaa makaa mekundu. Wapangaji walivyozidi kuogopa ndivyo walivyozidi kuziba, na hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu, ikazidi kujaa vyumbani mwao.

"Tokeni! Wote nje!" daktari anapiga kelele, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mume wa mshonaji anang'oa mbao. Jiko linabebwa hadi uani.

Uani amesimama mwenye jiko, bibi wa chumba cha mwisho, ufagio mkononi. Wanamwita Bibi Majimoto. Huamka kabla ya wote, huwasha jiko, kisha hutoka kufagia. Kila mpangaji akiamka hukuta ndoo ya maji ya moto mlangoni. Hajawahi kumwomba mtu hata asante.

Daktari anachuchumaa mbele yake. "Bibi, maji yako yamewafaa wengi. Ila mkaa ukiwaka ndani unatoa hewa mbaya, haionekani. Tuwe tunayachemshia hapa nje."

Bibi anaketi taratibu kizingitini.

"Kwa hiyo anayewakalia kifuani ni mimi?"

"Siyo wewe, bibi. Ni mkaa."

Mshonaji, bado anayumba, anaisogelea ndoo yake, iliyotolewa nje pamoja na jiko. Ananawa uso pale pale, mbele ya bibi, bila haraka. "Maji mazuri, Bibi. Kesho nitakuja nikusaidie kupuliza moto."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeletwa wodini kutoka nyumba ile. Akimaliza masomo yake, daktari anataka kuwatembeza madaktari wanafunzi majumbani. "Waone mgonjwa anakolala, kabla ya kumwandikia dawa," anasema.

Majuzi alirudi na kifaa kidogo cha kupimia hewa ile ya sumu. Dirisha lilikuwa wazi. Jiko lilikuwa uani, bado halijawashwa. Kifaa kilisoma sifuri.

Tik, tik, tik, ikasikika kutoka mwisho wa korido.

Daktari akatazama kifaa. Sifuri. Bibi Majimoto akamshika mkono, akaushikilia.

"Vifua vimepona, mjukuu wangu. Lakini huyu anayetembea hajaondoka."

"Hewa ni safi, bibi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba uje tena."