Maji Yaliyotaka Jina la Baba

Nilipokuwa mtoto, sikuwahi kubabaika nikiulizwa mimi ni wa nani. Niliulizwa sokoni, niliulizwa kanisani, na jibu lilinitoka bila kufikiri: Akinyi, binti wa Ouma, wa Kaloleni. Mtu mzima akisema, "Ah, wa Ouma fundi wa friji," nilijiona mrefu. Baada ya safari yetu ya vilima vya Homa nilianza kutaja jina langu peke yake. Hadi leo, chuoni, nikisimama kwenye mdahalo na kuambiwa nijitambulishe, mdomo hukwama kidogo. Wapinzani wangu hudhani ni mbwembwe.

Ilikuwa likizo ya Agosti, niko darasa la nne. Baba aliazima gari la rafiki yake akatutangazia kwamba tunakwenda kuona wanyama kule Ruma, halafu chemchemi za maji moto kwenye vilima vya Homa. Aliapa kwamba maji hayo yanaruka juu kupita paa la nyumba. Tulikwenda na Mama, mdogo wangu Odhiambo, na Dani, yaani nyanya yetu, mamake Baba. Dani alizaliwa upande ule wa Homa, na ndiye aliyejua desturi za yale maji.

Ruma tuliona twiga. Mmoja alisimama katikati ya barabara akitafuna, akatutazama kama polisi wa trafiki ambaye bado hajaamua atatufanya nini, na Baba akacheka mpaka akazima injini. Mimi nilikuwa nimebanwa kiti cha nyuma, nusu yangu juu ya mapaja ya Dani. Nafikiri hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokaa katika familia ile bila kujiangalia nimekaaje.

Njiani kwenda Homa, Dani alitueleza masharti. Maji yale yana wenyewe, alisema. Kabla ya kukanyaga unavua viatu, unataja jina lako na la baba yako, ili wenyewe wajue wanamkaribisha nani. Ukidanganya unaungua. Kulikuwa na mwanamume wa kwao aliyejitambulisha kwa baba asiye wake, akatoka huko ngozi ya miguu ikiwa imebaki majini. Muda wote wa hadithi hiyo Mama alikuwa akitazama nje ya dirisha. Nilidhani anatafuta twiga wengine.

Tulipofika, hakuna maji yaliyoruka. Yalikuwa yakitokota taratibu kati ya mawe, kama uji, na mvuke wenye harufu ya yai bovu ukipanda.

"Yaani hiki ndicho kilichotutoa Kaloleni?" Mama akauliza.

Baba akajibu kwamba maji hayajatuona vizuri, tungoje. Hata wanawake wa pale, waliokuwa wameloweka miguu yao yenye maumivu, walicheka.

Odhiambo alitangulia. Alijitaja kwa sauti ya kanisani, Odhiambo mwana wa Ouma, akarukia kidimbwi alichokatazwa, akaungua vidole vya mguu na kupiga mayowe. Dani akamvuta, akampulizia, akamwambia maji ya moto ni ya moto, alitegemea nini?

Zamu yangu ikafika. Nilivua viatu nikasema mimi ni Akinyi, binti wa Ouma. Kabla sijainua mguu, Dani alinishika mkono kwa nguvu.

"Usiyadanganye," akasema. Halafu akamgeukia Mama, akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa. "Nyar Asembo, mwambie mtoto ataje baba yake. Huyu ni kimirwa. Yatamla miguu."

Kimirwa ni mtoto ambaye mama yake aliolewa akiwa tayari naye. Nililijua neno hilo. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wamewahi kumrushia mvulana wa jirani, nami nikacheka pamoja nao.

Laiti Dani angalisema kwa chuki, ningalimaliza kesi hii zamani. Lakini alinishika jinsi unavyomshika mtoto aliyekaribia jiko. Mama alitazama chini, hakutaja mtu. Mmoja wa wale wanawake akatoa miguu yake majini polepole, kana kwamba ananipisha. Nilihisi uso wangu ukiwaka kuliko chochote kilichokuwa kwenye yale mawe.

Baba akavua viatu. Akachuchumaa mbele yangu akasema, "Panda." Mtoto wa darasa la nne, nikapanda mgongoni kama mtoto mchanga. Akaingia majini, akajitaja, akamtaja na baba yake, halafu akasema, "Na huyu niko naye."

Niliikunja miguu yangu mwenyewe, isiguse.

Kwa miaka niliisimulia safari ile kama hadithi ya upendo, na wenzangu chuoni walipangusa macho. Mpaka siku moja, nikiisimulia tena, nikayasikia maneno ya Baba. Hakusema huyu ni wangu. Alisema niko naye, kama mtu anayemwombea mgeni mlangoni. Na Odhiambo alipoungua, maji yalikuwa maji tu. Ningeungua mimi, lingekuwa thibitisho.

Pasaka iliyopita nilimkuta Baba uani amefungua mgongo wa friji ya mtu. Nikamuuliza siku ile alinibeba kwa nini.

"Ningekuacha uungue?"

"Kwa hiyo uliamini, Baba."

Aliendelea kukaza skrubu. "Niliogopa, Akinyi. Wewe hujapata mtoto."

Kwenye mdahalo jibu kama hilo nalipasua vipande. Ningemuuliza kwa nini hofu yake ilinichagua mimi na haikumchagua Odhiambo. Ningemuuliza kwa nini hakumjibu mama yake. Sikuuliza. Mtu huyu alinilipia karo, alinifundisha kushika bisibisi, na hajawahi kuniita lile neno. Nilimshikia tochi tu, akamaliza kazi yake.

Lakini nilitaka aniweke chini. Mbele ya wale wanawake, ndani ya yale maji, aniweke chini aseme huyu ni wangu, hata kama yangenichoma.